Tafakari Nilizowaandalia Gredi ya Nane

Jumatatu, 12 Mei

Habari kubwa! Mwalimu mkuu, Bwana Ochoki, ametangaza wakati wa chai kwamba afisa wa mtaala, Bi. Lorna, atatutembelea Alhamisi ya juma lijalo. Hataki kuona alama wala maandalizi yetu. Anataka kuwasikia wanafunzi wenyewe wakieleza jinsi wanavyosoma kifungu cha ufahamu. Wakikwama wanafanya nini? Wanajuaje kwamba wameelewa? Wanajuaje kwamba hawajaelewa? Kutafakari, ndilo neno alilotumia. Gredi ya Nane ndiyo itakayotazamwa, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Halafu akaongeza, huku akipuliza chai, kwamba mwalimu atakayefanya vizuri ndiye atakayependekezwa kuwa mkuu wa idara ya lugha. Kiti kiko wazi tangu aliyekuwepo astaafu. Tunaokitazama ni wawili: mimi, Thadeus Mogire, wa Kiswahili, na Damaris wa Kiingereza. Cheo kina ofisi yake ndogo kando ya stoo, yenye mlango unaofungika. Nimeutamani sana mlango ule. Huku nje, kikombe changu hutumiwa na kila mtu.

Damaris alisikiliza akitafuna. Alimaliza andazi lake akaenda darasani. Mtu mtulivu namna hiyo ana lake jambo.

Nyumbani nimemwambia mke wangu, Loice, kwamba cheo ni kama kimeshaingia mfukoni. Huenda neno "kama" sikulitamka vizuri.

Jumanne, 13 Mei

Kazi imeanza. Niliingia Gredi ya Nane nikauliza, kwa upole ambao kwa kawaida siutumii, mtu akisoma kifungu akakwama hufanya nini. Wote wakainamia vitabu. Nikauliza tena, bila upole. Ian, wa dawati la nyuma kabisa safu ya katikati, akasema, "Mwalimu, mi huangalia tu kwa Gibson." Gibson naye akasema yeye hungoja niseme jibu, kwa maana mwishowe huwa nalisema. Darasa likaafiki kwa sauti moja. Nilihisi nimesalitiwa.

Kisha Sharon akainua mkono. Sharon ni binti wa kaka yake Loice. Anaishi na nyanya yake, yaani mama mkwe wangu, ng'ambo ya soko la Ekerenyo. Akasema yeye akimaliza kusoma hufunga kitabu, na jioni wakimenya ndizi jikoni humsimulia nyanya kile kifungu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Nyanya hupenda kuuliza. Anapouliza "kisha ikawaje?" na Sharon akakosa la kusema, hujua kwamba pale hakuelewa. Basi hurudi kitabuni.

Nilimweleza kwamba hiyo si mbinu. Hayo ni mazungumzo tu. Tena kwa Ekegusii! Sheria ya shule iko wazi: anayezungumza Ekegusii huvishwa kibao cha mbao shingoni hadi jioni. Sharon akajitetea kwamba hakuzungumza Ekegusii, alisema tu kwamba huzungumza, na ni nyumbani kwao. Nikamvisha kwa kuwa amekiri. Lazima mtu aanzie mahali.

Nimefikia uamuzi. Watoto hawa hawawezi kutafakari. Itabidi nitafakari kwa niaba yao.

Jumatano, 14 Mei

Nimetunga tafakari, moja kwa kila safu ya madawati. Kifungu nilichochagua ni "Ufugaji wa Nyuki", kimo kitabuni na nakijua hadi nukta ya mwisho. Safu ya dirishani watasema: "Kabla ya kusoma nilitazama kichwa, nikatabiri kwamba kifungu kitahusu nyuki." Safu ya katikati: "Nilipofika aya ya tatu nilikwama, nikarudi nyuma nikasoma polepole." Safu ya mlangoni: "Neno mzinga lilinitatiza, nikakisia maana yake kutokana na maneno jirani."

Sioni ubaya wowote. Insha tumewafunza hivi hivi tangu zamani. Mtoto wa huku ukimwambia aandike insha, itaanza asubuhi yenye jua na ndege wakiimba, hata kama ni insha ya mazishi. Na alama anapata.

Ili isionekane kwamba wamekariri, nimeongeza jambo. Kila atakayesimama ajikune kichwa kidogo kwanza, kama mtu anayefikiri. Kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki na kalamu. Tumefanya mazoezi ya kujikuna hadi kengele ikalia. Gibson anajikuna kwa namna ya kupendeza sana. Ian amejikuna mpaka nikamwuliza kama ana chawa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempeleleza Damaris. Si kwa ubaya. Nilisimama nyuma ya darasa wakati wa kipindi chake, katika shamba la maharagwe la shule, chini kidogo ya dirisha.

Nilichokisikia kimenifurahisha. Vurugu tupu! Kila mtoto anasema lake. Mmoja alisema husoma maswali kwanza halafu kifungu. Mwingine akambishia kwamba huko ni kujidanganya, kwa sababu unatafuta majibu bila kujua habari inahusu nini. Wa tatu alisema wazi kwamba hakuelewa kitu, na Damaris, badala ya kumkemea, akamsifu! Akamwuliza amejuaje kwamba hakuelewa. Nilijiziba mdomo nisicheke. Darasa la namna hiyo afisa akilikuta, atafunga faili yake na kwenda zake.

Nikiwa bado nimejiziba mdomo, nikasikia mtu akikohoa. Bwana Ochoki. Aliniuliza natafuta nini katika maharagwe. Nikasema nakagua mfereji wa paa. Akatazama juu, akasema kweli mfereji umejaa majani, akanishukuru kwa kujitolea. Ngazi ililetwa. Nimeshinda juu ya paa mchana kutwa na shati limeharibika.

Ijumaa, 16 Mei

Mazoezi yanaenda vyema. Kikwazo ni Sharon. Amekaa safu ya katikati, kwa hiyo yake ni kukwama aya ya tatu. Leo ameniuliza afanye nini ikiwa hakukwama aya ya tatu. Nikamwambia amekwama. Akasema, "Lakini Mwalimu, mimi nilikwama ya pili." Nikamweleza kwamba aya ya pili hakupangiwa mtu.

Akanitazama vile wanavyotazama watu wa nyumba ile. Loice hunitazama hivyo hivyo nikieleza mipango yangu.

Jumamosi, 17 Mei. Sabato

Balaa.

Baada ya mahubiri, mzee wa kanisa, Josiah, alisimama akasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wetu aliyeinuliwa kuwa mkuu wa lugha. Loice alimwambia mama yake. Mama yake aliwaambia akina mama wa kwaya. Kufikia kwa mzee Josiah nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa lugha wa Nyamira nzima.

Niliitwa mbele. Nakiri nilikwenda kwa nia ya kusahihisha. Lakini walikuwa wameanza kuimba, na huwezi kusahihisha watu wanaoimba. Nikashukuru. Nikasema kazi ni nzito, waniombee. Nikagusia ofisi. Nikajikuta nataja hata rangi ya pazia.

Mama mkwe wangu ni wa kizazi kile cha chinsoni, ile heshima ya wakwe. Hanipi mkono, haketi nilipoketi, na tukikutana njiani mmoja wetu hupata kitu cha kutazama ndani ya majani chai. Nje ya kanisa alisimama nyuma ya mgomba akamwambia Loice, kwa sauti ya kunifikia, aniambie kwamba amefurahi na kwamba siku nikifungua ofisi ataleta jogoo. Nikamwambia Loice amwambie asante. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akipumua.

Sasa siwezi kukosa cheo hiki. Nikikikosa nitapitia wapi siku ya Sabato?

Jumanne, 20 Mei

Nimemwendea Damaris kwa urafiki. Nimemdokezea kwamba nasikia Bi. Lorna anachukia kelele, na kwamba darasa likikaa kimya yeye huona limetafakari zaidi. Amenishukuru. Ameniuliza nimesikia kwa nani. Nikasema kwa watu. Akasema ajabu, kwa sababu walisoma pamoja na Bi. Lorna chuoni, walilala chumba kimoja, na hajakutana na mtu mwenye kelele kuliko yeye.

Walilala chumba kimoja! Huo si upendeleo? Nimekwenda kumlalamikia Bwana Ochoki. Akanikumbusha kwamba wadhamini wangu wawili nilipoajiriwa walikuwa shemeji zangu. Niliacha jambo hilo lipite.

Mazoezi ya mwisho yamefanyika. Dirishani wanatabiri, katikati wanakwama, mlangoni wanakisia. Nimeridhika.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika kwa utulivu.

Bi. Lorna alifika na gambuti, kwa kuwa mvua ilinyesha, na bahasha kubwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifungu chake mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba atakuja na kifungu! Kilikuwa kifupi, aya mbili tu. Mkulima mmoja anamkodishia jirani shamba lake lote, kisha asubuhi anagundua kwamba amekodisha hata njia ya kutokea nyumbani kwake. Nyuki hakuna hata mmoja.

Nilitaka kuwaashiria watoto, lakini Bi. Lorna alikuwa ameketi mahali pabaya. Wakasoma. Akauliza safu ya dirishani walifanya nini kabla ya kusoma. Wa kwanza akasimama, akajikuna, akatabiri nyuki. Wa pili akatabiri nyuki. Bi. Lorna akageuza karatasi yake kutazama upande wa nyuma. Safu ya katikati ikafuata, ikakwama aya ya tatu. Bi. Lorna akamwuliza Ian, kwa upole, amwonyeshe aya ya tatu. Ian akajikuna kichwa kwa mkono wa kushoto. Safu nzima ikajikuna kumuunga mkono. Lazima niseme walijikuna vizuri.

Ndipo akamchagua Sharon. Nilikohoa, Sharon hakunitazama. Alisema ameelewa yote isipokuwa mahali alipopita yule mkulima kutoka nje asubuhi ile, na kwamba hatakuwa na hakika hadi jioni atakapomsimulia nyanya. Akaeleza zile ndizi na lile swali la "kisha ikawaje". Bi. Lorna akasogeza kiti. Akauliza nani mwingine hufanya hivyo. Mikono ikainuka nusu ya darasa! Mmoja humsimulia mama, mwingine dada yake, na mmoja humsimulia ng'ombe wakati wa kukama. Mimi sikuwa na habari.

Bi. Lorna akamwuliza Sharon mwalimu alisema nini kuhusu mbinu hiyo. Sharon hajui kuficha. Akasema mwalimu alimvisha kibao. Bi. Lorna akanigeukia akauliza kibao gani.

Hapo akili yangu ikafanya kazi! Nikasema ni nishani. Nikasema hapa kwetu mwanafunzi mwenye mbinu bora huvishwa nishani ya mbao hadi jioni, ili wenzake wamwige. Nikasema mbinu hii ya nyanya ni mradi wangu, na jina lake ni Nyanya Darasani. Maneno yalikuja yenyewe.

Bi. Lorna amefurahi mno. Kipindi cha Damaris pia amekisifu, nasikia, lakini uamuzi ameuahirisha. Atarudi Jumatatu. Nyanya mwenyewe aketi mbele ya darasa, watoto wasome kifungu kipya na kumsimulia, nami niongoze. Ikifaulu, cheo ni changu. Alinipa mkono mbele ya Bwana Ochoki.

Nilikuwa nanawa nile chakula cha mchana nilipokumbuka nyanya huyo ni mama wa nani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimetafuta nyanya mwingine. Kwanza nilimwendea mama anayeuza mandazi langoni nikamwomba awe nyanya siku ya Jumatatu. Akaniuliza namwona ana umri gani. Nilijibu bila kufikiri. Sasa sina mahali pa kununua mandazi.

Halafu kuna mama wa jirani yangu, aliyekubali mara moja. Baadaye niligundua kwamba hakusikia nilichomwomba, kwa sababu hasikii lolote.

Mwishowe nilimwita Sharon kando nikamwuliza kama anaweza, kwa siku moja tu, kumwita mtu mwingine nyanya. Akasema atamwuliza nyanya.

Kabla sijarudi nyumbani, habari ilishafika kwamba Mwalimu anamwonea aibu mama mkwe wake. Loice hakunisalimu. Alinipa ujumbe tu. Mama yake atakuja Jumatatu, leso ameshafua, lakini hawezi kuketi ndani ya chumba ambamo mkwe wake amesimama. Akiingia yeye, nitoke mimi. Nikajaribu kusema kwamba darasa ni langu. Loice akaniuliza kama nataka kanisa lisikie kwamba nilimbishia mama yake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimepata njia. Nitasimama nje, dirishani, niongoze kutoka huko. Ndani nahitaji tu mwili wa kushika chaki. Nimemwomba Damaris. Amekubali papo hapo, bila hata kuuliza atapata nini. Nilikaribia kumhurumia kwa jinsi nilivyokuwa namtumia.

Jumatatu, 26 Mei

Bi. Lorna alipoambiwa nyanya ni nani kwangu, alicheka hadi akavua miwani. Yeye ni mtu wa Nyanchwa, wa huku huku kwetu, anayajua mambo haya. Akasema heshima ni heshima, nibaki huko huko nje. Nikachukua nafasi yangu katika maharagwe.

Mama mkwe aliingia, akaketi akinipa mgongo. Kifungu kipya kilikuwa mwendelezo wa yule mkulima. Sharon akaanza kumsimulia, safari hii kwa Kiswahili. Nyanya akauliza kisha ikawaje, Sharon akajibu. Akauliza tena, Gibson akajibu. Halafu nyanya akauliza, ikiwa njia yote ilikodishwa, mkulima alipitia wapi kwenda chooni?

Darasa likacheka, kisha likaanza kupekua karatasi. Gibson akapata sentensi inayotaja mwanya kwenye ua. Ian, ambaye sijawahi kumwona akipekua chochote, akambishia kwamba mwanya ule ulikuwa wa mbuzi, na kwamba mkulima ameelezwa juu kule kuwa mnene. Wakabishana kama wazee kwenye baraza la chifu. Mmoja akasema alikuwa ameruka ile sehemu kwa kuwa ilikuwa na maneno magumu, sasa ameirudia. Damaris hakufundisha kitu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, "Umejuaje?" Kisha kwa mwingine, "Na wewe umejuaje?" Chaki haikuandika hata herufi moja.

Niliona uongozi unaniponyoka. Nikagonga kioo. Hakuna aliyegeuka. Nikapaza sauti kwamba wataje jina la mbinu, mbinu bila jina haihesabiki! Bi. Lorna akaniashiria ninyamaze. Nikasogea ili nisikike vizuri, na katika kusogea nikakanyaga msafara wa siafu.

Siafu hupanda kwanza, kimya kimya, halafu huuma wote kwa pamoja. Nilipiga kelele. Wanasema nilipiga kwa Ekegusii. Sikumbuki nilitamka nini, lakini darasa zima lilielewa mara moja, bila kutabiri wala kukisia.

Suruali niliivua. Hapakuwa na njia nyingine, na yeyote aliyewahi kuumwa na siafu mahali pale atanitetea. Bahati mbaya mama mkwe alikuwa amegeuka kuona ni nani anauawa. Alijifunika leso uso mzima. Sharon alimshika mkono akamtoa nje, kwa mlango wa upande mwingine, Mungu ambariki.

Ian akaja mbio na kile kibao, akanivisha kupitia dirishani, kwa sababu nimezungumza Ekegusii shuleni. Bi. Lorna akauliza kama hiyo ndiyo nishani. Nikasema ndiyo. Nilisimama nayo shingoni, nimejifunga majani ya maharagwe kadiri yalivyotosha, afisa akiandika.

Cheo amepewa Damaris. Ilitangazwa kabla ya chakula cha mchana, na ufunguo akakabidhiwa hapo hapo.

Mama mkwe ametuma neno kwamba jambo hili halitatengenezwa bila mbuzi na maombi. Loice amesema Sabato nisimame mbele mwenyewe nilieleze kanisa kwamba mimi si mkuu wa lugha popote. Nimeumia. Naandika waziwazi kwamba nimeumia. Nilisimama kando ya stoo nikimtazama Damaris akijaribu mlango, ukifunguka na kufungika, na machozi yalinilengalenga.

Jumanne, 27 Mei

Tumaini!

Bwana Ochoki ametangaza kwamba idara itakuwa pia na naibu. Kila mwalimu wa lugha, wakiwemo wa gredi za chini na hata mkuu mpya, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili akitafakari alichojifunza kutokana na kipindi cha jana. Atakayetafakari kwa kina zaidi ndiye atakayekuwa naibu. Nimefikiria upesi. Nikiupata unaibu, Sabato sitakuwa na haja ya kukanusha lolote. Nitasimama niongeze neno moja tu: naibu.

Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Shida ni kwamba sioni nilipokosea. Mazoezi yalikuwa mazuri, ila kifungu kikabadilishwa. Nyanya Darasani ulikuwa mradi mzuri, ila siafu hawakuwa kwenye mpango. Mtu ambaye hakukosea atatafakari nini?

Damaris alikuwa ameshamaliza ukurasa wake. Aliuacha juu ya meza ya walimu akaenda kupanga ofisi. Kiswahili chake ni safi, jambo lililonikera kidogo. Nikavuta kiti nikanakili. Unaanza hivi: "Nilipomwona mwenzangu amesimama nje ya darasa lake mwenyewe akiwapigia wanafunzi kelele za majibu, nilitambua kwamba mwalimu anayefikiri kwa niaba ya watoto huwazuia wasijue wanavyofikiri."

Mwanzo mzuri, una uzito. Sijui mwenzake huyo ni nani, lakini walimu wa aina hiyo wapo kila shule. Uliobaki niliunakili haraka, kwa sababu nilisikia viatu vyake vikirudi.

Nimempelekea Bwana Ochoki kabla ya wengine wote. Aliusoma hadi mwisho, akaurudia kutoka juu. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimeusoma. Nikamwuliza kwa nini nisome kitu nilichokiandika kwa mkono wangu.